Chemsha Kwanza: Mtindi, Mimba na Miaka Yangu ya Ukunga

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia zahanati nikiwa na vumbi hadi magotini. Gari lililonitoa Iringa mjini liliishia Idodi, na kijiji nilichopangiwa kilikuwa mbele zaidi, kwenye barabara iendayo mbugani, kwa hiyo mwendo uliobaki niliutembea. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, niliyekulia kwenye mvua na migomba. Kule nilikuta joto, miiba na ng'ombe wengi kuliko watu.

Aliyenipokea ni Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, tabibu wa Kihehe, mrefu, mwenye maneno machache. Alisoma barua yangu ya kupangiwa kazi mpaka mwisho, akaikunja, kisha akaniuliza:

"Sista Atupele, chuoni wamekufundisha kupima kimo cha mimba?"

"Ndiyo, Mganga."

"Na kusikiliza moyo wa mtoto?"

"Ndiyo."

"Na kujua kama mama anameza dawa unazompa?"

Nikajibu kwamba akina mama wakielezwa umuhimu wa dawa wanameza. Hakucheka wala hakunisahihisha. Alisema tu, "Kaanze kazi. Jioni utaniambia."

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mama anapimwa uzito na shinikizo la damu, anapanda kitandani, unapapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, kisha unaweka fetoskopu. Fetoskopu ni bomba fupi lenye mdomo mpana, upande mmoja unakaa tumboni kwa mama, upande mwingine sikioni kwako, nawe unanyamaza mpaka uyasikie mapigo ya moyo. Ninyi mnaoanza kazi leo mnavyo vifaa vinavyotoa sauti chumba kizima. Sisi moyo wa mtoto tuliusikia peke yetu, na mama alitutazama usoni kujua kama kuna heri.

Mama wa nne alikuwa Mama Zawadi, mwenye watoto watatu na mimba ya wa nne. Nilimvuta kope la chini nikaona limepauka, dalili kwamba damu imepungua. Nikamuuliza kama anameza fefo, vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi.

"Nameza," akasema.

Nikaendelea na kazi. Nilipokuwa namwandikia kadi akaniinamia, akashusha sauti. "Sista, wewe ni mgeni, nisikudanganye. Vidonge viko nyumbani, kopo limejaa. Vinanifunga choo. Nikienda huko nje najisaidia kama mtu anayezaa, halafu bado kuzaa kwenyewe kunanisubiri. Wenzangu nao ni hivyo hivyo, ila hawatakuambia."

Jioni nilimweleza Mganga Mfawidhi. Akatikisa kichwa taratibu. "Mmoja amekuambia ukweli siku ya kwanza. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kuambiwa. Sasa tafuta cha kumsaidia."

Nilianza na mambo ya kitabuni: maji mengi, matunda, mboga, kutembea kidogo. Lakini nilikumbuka pia kwamba nyumbani kwetu mama yangu alimpa kila mjamzito wa ukoo bakuli la mtindi mchana, na hakuna aliyejua sababu zaidi ya kwamba tumbo linatulia. Sikuwa na maelezo ya kitaalamu, na mkunga asiye na maelezo hupata shida kumshawishi mwenye miaka yake.

Maelezo niliyapata semina ilipoitishwa Iringa mjini. Afisa Lishe, kijana mwembamba aliyependa kuchora ubaoni, alituambia kwamba ndani ya utumbo wa binadamu wanaishi vijidudu wasiohesabika, na wengi wao si maadui. Wapo wanaosaidia chakula kusagika, wanaolainisha choo, wanaowabana wale wabaya wasienee. Vijidudu rafiki hao, ukiwala wakiwa hai kwenye chakula au kwenye dawa, wanaitwa probiotiki. Mtindi unao. Hata togwa, uji ule wa mahindi na kimea ambao akina mama wa Iringa wanaukoroga kila siku, unao, mradi unywewe kabla haujageuka pombe.

Mkunga mmoja mzee akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mtindi utazuia mimba kuharibika? Utamkinga mtoto na magonjwa?"

"Hapo sijafika, mama," akasema Afisa Lishe. "Kwenye choo na kuharisha nina hakika kidogo. Hayo mengine ya mama na mtoto bado yanachunguzwa. Wengine wanaona faida, wengine hawaioni. Usimwahidi mtu."

Alitufundisha na jambo jingine lililonisaidia sana: fefo zisimezwe pamoja na maziwa, kwa sababu maziwa yanazuia madini ya chuma kuingia vizuri mwilini. Vidonge kwa maji, saa nyingine. Mtindi kwa wakati wake. Nina hakika alisema pia kuhusu kuchemsha maziwa. Lakini nilipokuja kufungua daftari langu baadaye, halikuwa na neno hilo. Nilikuwa nimeandika yale yaliyonifurahisha.

Nilirudi kijijini na moto. Kila kliniki nilisimama mbele ya mabenchi nikahubiri mtindi, na akina mama wakanipokea kwa sababu maziwa ya mgando walikuwa nayo majumbani. Mama Zawadi alianza kumeza fefo zake, choo kikalainika, rangi ya kope ikarudi. Alijifungua salama, akanibebea kuku. Wakaanza kuniita Sista wa Mtindi, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyotakiwa.

Rehema alikuwa mjamzito wa kwanza katika nyumba ya Bi. Mhongole, mjane mwenye ng'ombe wengi na mtoto mmoja tu wa kiume. Mume wa Rehema alikuwa dereva, mara nyingi safarini, kwa hiyo mkwe na mama mkwe waliishi wawili, na walipendana. Bi. Mhongole alikuwa akimsindikiza kliniki akimshikia mwavuli. Nilipofundisha habari ya mtindi, yeye ndiye aliyeitikia kwa kichwa kuliko wote.

Mimba ilipofika mwezi wa sita Rehema aliletwa na homa. Kipimo cha malaria kikasoma hasi. Tukampa dawa ya kutuliza, homa ikashuka, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata akaja tena. Safari hii analalamika viungo vinauma, mgongo unauma, anatoka jasho mpaka nguo zinalowa, kisha anapata nafuu, kisha homa inapanda tena. Kipimo kikasoma hasi tena.

Mganga Mfawidhi alivuta kiti akakaa mbele yake. Hakuuliza habari za mbu. Alimgeukia Bi. Mhongole.

"Anakula nini nyumbani?"

"Anakula vizuri, Mganga. Ugali, mboga, maharage. Na mtindi, kila siku, kama Sista alivyotuelekeza. Namgandishia mwenyewe kwenye kibuyu."

"Maziwa unayachemsha?"

Bi. Mhongole akamshangaa. "Ukichemsha yatagandaje?"

"Na ng'ombe wako wana hali gani?"

"Wazima. Ila wawili wametupa ndama msimu huu."

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati la dawa. Ng'ombe wanaotupa mimba mara nyingi wana ugonjwa wa brusela, na brusela hupita kwenye maziwa mabichi ikaingia kwa binadamu. Kwa mjamzito inaweza kufanya kile kile inachofanya kwa ng'ombe. Kugandisha peke yake hakuiui. Hilo nililisoma chuoni, nikalifanyia mtihani, nikafaulu.

Mganga aliniangalia mara moja, akatazama pembeni. "Andika rufaa," akasema. "Wewe utaenda naye."

Tulimlaza Rehema ndani ya gari la wagonjwa, mimi upande mmoja, Bi. Mhongole upande mwingine, tukakamata barabara ya Iringa saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa na mashimo. Kila gari liliporuka niliweka mkono tumboni kwa Rehema kuangalia kama tumbo linakaza, na kila baada ya muda niliweka fetoskopu, nikamwomba dereva azime injini nisikie. Moyo wa mtoto ulikuwepo. Ulienda mbio, lakini ulikuwepo.

Katikati ya safari Bi. Mhongole akaanza kulia bila sauti.

"Mimi ndiye niliyempa," akasema. "Kwa mkono wangu. Nilimchagulia ile sehemu ya juu, yenye mafuta."

"Bibi, mimi ndiye niliyekuambia umpe," nikasema. "Nilikuambia mtindi, sikukuambia chemsha."

"Wewe ulifundisha watu wengi. Mimi nilimpa mmoja, na ni wangu."

Rehema, aliyekuwa amefumba macho, akasema, "Mama, nipeni maji." Tukampa kidogo kidogo mpaka mjini.

Vipimo vya hospitali vilithibitisha. Alianzishiwa dawa za wiki nyingi na kulazwa. Mimi nilirudi kazini, nikakaa mezani nikaandika barua kwa Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto wa Wilaya, mkubwa wangu katika mambo yote ya kliniki. Nilieleza nilichofundisha, nilichosahau na kilichotokea. Mwishoni niliomba niondolewe kwenye elimu ya afya, nibaki kuzalisha tu.

Mratibu hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe, mama mnene wa Kibena aliyevaa sweta hata kwenye joto letu. Alinikuta napanga kadi. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akanionyesha nikae kando yake.

"Kamwene, Sista."

"Kamwene, mama."

"Nimepita hospitali. Mgonjwa wako homa imeshuka. Mimba bado ipo." Akaitoa barua yangu mkobani. "Sasa barua yako. Wajawazito wa kliniki yako wanakunywa maziwa ya mgando?"

"Ndiyo."

"Walikunywa kabla hujaja?"

"Ndiyo, mama."

"Ukinyamaza wewe, wataacha?"

Nikasema hapana.

"Basi ukinyamaza utakuwa umejisaidia wewe, wao watabaki na maziwa mabichi. Ombi lako nimelikataa. Fundisha mtindi kama ulivyokuwa unafundisha, ila sasa anza na moto. Na ukifundisha, waambie kilichotokea. Usifiche."

Kusema ni rahisi. Nilipoanza kuwaambia akina mama wachemshe, walinijibu kama Bi. Mhongole: maziwa yaliyochemshwa hayagandi, yanaoza. Na walikuwa na haki. Ukichemsha maziwa unaua wabaya na wazuri pamoja, na ukiyaacha hivyo hivyo yanachacha vibaya na kunuka. Lazima uwarudishe wale wazuri kwa mkono wako, kwa kuweka mbegu, yaani vijiko viwili vitatu vya mtindi safi uliokwisha kuganda. Nilijaribu nyumbani kwangu. Mara ya kwanza niliweka mbegu maziwa yakiwa moto bado, nikaipika mbegu yenyewe, nikapata maji na mabonge. Mara ya pili nilisubiri mno, yakapoa kabisa, hayakushika. Mara ya tatu niliingiza kidole kilichooshwa vizuri, nikahesabu polepole mpaka kumi bila kukitoa, nikaweka mbegu, nikafunika sufuria, nikaizungushia blanketi. Kesho yake mchana niliinamisha sufuria, na maziwa yakasogea yote kwa pamoja kama kitu kimoja. Nilicheka peke yangu jikoni. Mbegu ya kwanza niliitoa mjini, kwenye mtindi wa kiwandani usio na sukari, na baada ya hapo kila chungu kilizaa mbegu ya kingine.

Rehema alijifungua hospitalini kabla ya wakati, mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia. Walimfundisha kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia mnayoiita kangaruu, na Bi. Mhongole alipokezana naye, bibi na mama, wakimpasha mtoto joto kwa vifua vyao. Walipomrudisha kijijini nilikwenda kuwaona. Nilijiandaa kwa maneno makali, na ningeyapokea. Bi. Mhongole alinikaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na sufuria.

"Nionyeshe huo mtindi wako wa moto," akasema.

Tulichemsha pamoja, tukapoza, tukaweka mbegu. Mtindi ulipokuwa tayari alitaka kumlambisha mtoto kwa ncha ya kidole, ili naye apate wale rafiki. Nikamzuia. Nilimweleza kwamba mtoto hupewa wa kwake na mama yake, wakati wa kuzaliwa na kwenye ziwa, na kwamba kwa miezi sita ya kwanza hahitaji kingine, hata maji. Akanitazama sana.

"Hilo una hakika nalo?"

"Hilo nina hakika nalo."

"Haya," akasema, akala mtindi mwenyewe.

Kliniki iliyofuata alikuja bila mjamzito wa kumsindikiza. Alisimama mbele ya mabenchi, akasimulia kwa Kihehe na Kiswahili vikichanganyika kilichoipata nyumba yake, na jinsi alivyowaita watu wa mifugo wakawapima ng'ombe wake, na ng'ombe aliowaondoa zizini baada ya majibu. Mimi nilikuwa nimefundisha kwa miezi mingi. Yeye alisema kwa muda wa kupika chai, na sufuria za kijiji kile zikabadilika.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa. Nilifanya kazi kidogo upande wa Tosamaganga, kwenye baridi nzuri, kisha nikapelekwa Mbeya, kituo cha afya kisicho mbali na Iyunga. Mganga Mfawidhi wa hapo alikuwa daktari kijana, binti wa umri wa mwanangu, aliyeniita Mama na kunikosoa kama mwanafunzi, na yote mawili aliyafanya kwa adabu.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Wajawazito walikuja na simu zao, wakinionyesha vidonge vya probiotiki vya duka la dawa na video za watu wanaoahidi kwamba mtoto hatapata pumu, hatapata vipele, hatalia. Mwalimu mmoja wa sekondari, mimba ya miezi minne, aliweka kichupa mezani.

"Sista, nikimeza hivi, mwanangu hatapata mzio wa ngozi kama mimi?"

Nilitamani kumfurahisha. Alikuwa na makovu ya kujikuna viwikoni, na aliniangalia kwa matumaini. Daktari alikuwa mlangoni akisubiri jibu langu.

"Sijui," nikamwambia. "Kuna wanaodhani inaweza kusaidia kidogo, hawajakubaliana. Kwa wajawazito wengi wenye afya havionekani kuwa na madhara, lakini daktari avione kwanza. Na kama vinakuondolea nafasi ya kununua mayai na mboga, mimi ningechagua mayai. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, usio na sukari nyingi, utakutosha kwa tumbo."

Alirudisha kichupa mkobani. Nilidhani nimemvunja moyo, lakini mwezi uliofuata alipanga foleni kwangu wakati foleni ya mwenzangu ilikuwa fupi. Alipotoka, daktari akaniambia, "Mama, wauguzi wengi wanaogopa neno sijui." Nikamwambia na mimi niliwahi kuliogopa.

Nilistaafu mwaka niliotimiza umri, bila kuongeza hata mwezi mmoja. Waliniaga kwa keki na kitenge, wakasema maneno mazuri, mengine ya kweli. Sasa naishi Uyole, nina bustani ya viazi na ng'ombe mmoja ambaye daktari wa mifugo humpima. Watu huniuliza kama nina majuto. Ninayo lile moja, nalo nimelisimulia hapa lilivyo, kwa sababu niliagizwa nisifiche. Mengine ni furaha. Nimepokea watoto ambao leo wananipita barabarani bila kunijua, na sihitaji wanijue.

Jambo gumu katika kustaafu ni kunyamaza. Mke wa mwanangu alipopata mimba alinipigia simu kuuliza kila kitu, na mwanzoni nilimjibu kila kitu, mpaka nikagundua kwamba haendi na maswali yake kliniki. Siku hiyo nikamwambia, "Mwanangu, muulize mkunga wako. Yeye ndiye mwenye kadi yako." Nikadhani amechukia. Lakini akasema, "Basi twende wote, mama."

Tulikwenda Jumanne asubuhi, yeye, mimi, na mwanangu aliyeomba ruhusa kazini. Katika miaka yangu yote ya kliniki waume niliowaona kwenye yale mabenchi nawakumbuka mmoja mmoja, kwa jinsi walivyokuwa wachache. Mwanangu alishika kadi ya mkewe kwa mikono miwili, na katika kijitabu alikuwa ameandika maswali. Niliyachungulia. Mawili nisingeweza kuyajibu.

Mkunga alikuwa binti mdogo, sare yake imepigwa pasi vizuri. Alitusalimu, akatuangalia tulivyokaa, mimi katikati, mwanangu mwishoni mwa benchi.

"Bibi, samahani," akaniambia. "Sogea kidogo, baba mtoto akae hapa karibu, asikie."

Nikasogea.